Rauta ina poti tano tu na zimejaa, laini ya tatu ya intaneti naichomeka wapi?

Loji_UsaRiver:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada nimekwama. Nasimamia loji ndogo huku Usa River, Arusha, vyumba 18. Zamani wageni wetu walikuwa wale wa kupanda mlima au kwenda mbugani, analala siku mbili anaondoka, ila siku hizi wanakuja wengine wanakaa wiki tatu hadi mwezi huku wanafanya kazi zao kwa kompyuta, na huyo intaneti ikikatika nusu saa tu anakuja mapokezi amenuna, wala simlaumu maana mtu yuko katikati ya kikao na bosi wake aliye Ujerumani.

Tulianza na faiba ya Mbps 100 peke yake. Ikawa inakatika, mara wamechimba barabara mara nguzo imeanguka, tukaongeza rauta ya 4G ya laini ya simu, ile ina bando la mwezi. Sasa mwezi huu mwenye loji kakubali tuongeze ya tatu, ya dishi la juu ya paa, Mbps 40 bila kikomo. Dishi limeshafungwa, waya umeshuka mpaka kwenye kabati, na hapo ndipo nilipokwama.

Rauta yetu ni MikroTik hEX, ile RB750Gr3 ya poti tano. Poti 1 faiba, poti 2 rauta ya 4G, poti 3 inaenda kwenye swichi ya wifi za wageni, poti 4 rekoda ya kamera, poti 5 ofisi na mashine za malipo. Zimeisha. Fundi aliyetufungia anasema ninunue rauta kubwa ya poti kumi, bei yake siwezi kumpelekea mwenye loji baada ya dishi hili. Kuna njia nyingine? Na nikiziunganisha zote nitapata Mbps 140 na zaidi? Kwa sasa faiba ikikata huwa naenda mwenyewe kwenye kabati kubadilisha mambo kwa mkono, usiku inachosha sana.

kijana_wa_Njiro:
Mkuu si unachukua kaswichi kadogo ka poti tano ka kawaida, laini zote tatu unachomeka humo halafu waya mmoja unaenda poti 1 ya rauta. Hutumii hela nyingi.

FundiWaya:
Hapana jamani, hilo la swichi ya kawaida asilifanye. Nimelikuta kwenye shule moja niliyoitwa kurekebisha na lilinichukua siku nzima kuligundua. Swichi ya kawaida haitenganishi kitu, ukichomeka modemu tatu humo ni sawa na kuziweka zote chumba kimoja zinaongea kwa pamoja. Kila modemu inagawa anwani za IP, rauta yako ikiomba anwani inajibiwa na yeyote aliyewahi, leo faiba kesho 4G, na wewe umekaa unajua uko kwenye faiba kumbe unakula bando. Inawezekana kulazimisha kwa kuandika anwani kwa mkono ila bado zinavuja moja kwenda nyingine, sikushauri.

Swali lako ni zuri na jibu lake halina gharama kubwa. Kwanza ujue kwenye MikroTik hakuna poti maalumu ya intaneti, poti yoyote kati ya hizo tano unaweza kuifanya ya kupokea laini, siyo kama zile rauta za nyumbani ambazo poti ya bluu ndiyo hiyo hiyo. Kwa hiyo njia ya kwanza ni kuhamisha vitu vya ndani. Rekoda ya kamera si inaweza kukaa kwenye ile swichi ya wifi? Hapo poti 4 inabaki wazi na umemaliza.

Loji_UsaRiver:
Asante sana FundiWaya. Rekoda nilifikiria, tatizo ile swichi ya wifi iko jengo la pili na ni ya kawaida, na kamera hatutaki ziwe mtandao mmoja na wageni. Mgeni mmoja aliwahi kutuonyesha kwenye simu yake kwamba anaiona rekoda yetu, tulishtuka, ndio maana ikapewa poti yake.

FundiWaya:
Umefanya vizuri kuitenga, iache hapo hapo. Basi nunua swichi ndogo inayojua VLAN. Mfano TP-Link TL-SG108E ya poti nane au ndugu yake SG105E ya poti tano, zote ni za gigabiti na Kariakoo zipo, hata Arusha mjini ukiulizia utazipata. Usikosee herufi E ya mwisho maana ile SG108 isiyo na E ni ya kawaida.

Nieleze inavyofanya kazi ili usije ukafuata hatua kama kipofu. VLAN ni namna ya kuigawa swichi moja iwe kama swichi kadhaa zisizojuana. Poti ya faiba unaipa namba 101, ya 4G 102, ya dishi 103. Pakiti (kipande cha data) ikiingia kutoka kwenye modemu, swichi inaibandika tegi yenye ile namba, ni baiti 4 tu zinaongezwa, halafu zote zinatoka kwa poti moja, hiyo ndiyo wanaiita trunki, kwenda kwenye rauta. Rauta inasoma tegi inajua huyu katoka faiba huyu katoka dishini. Ni kama basi moja lina abiria wa Moshi, Same na Korogwe, kila mtu na tiketi yake, kondakta anajua nani anashuka wapi. Kwa hiyo waya mmoja unabeba laini tatu bila kuchanganyika na poti moja ya rauta yako inakuwa huru. Namba unaweza kutumia kuanzia 1 hadi 4094 ila 1 iache, hiyo ndiyo swichi inakuja nayo kutoka kiwandani.

Usiogope kwamba waya mmoja utazidiwa. Poti ni gigabiti, yaani Mbps 1000 kwenda na 1000 kurudi kwa wakati mmoja, wewe jumla yako haifiki hata 200.

Kuhusu kupata 140, hapa naomba unielewe vizuri maana wengi wanaudhika baadaye. Laini hazijumlishwi zikawa bomba moja. Mtu mmoja akipakua faili moja atapita laini moja, ataona kasi ya laini hiyo. Faida unaiona watu wakiwa wengi, huyu anapita faiba yule anapita dishini, msongamano unapungua. Kwa loji yenye wageni ishirini hiyo ni faida ya kweli.

Loji_UsaRiver:
Nimeelewa, na mfano wa basi umenisaidia. Swali la haraka, faiba na dishi zote mbili modemu zao zinatoa 192.168.1 na kitu, hiyo ni shida?

FundiWaya:
Ni shida tena kubwa, umefanya vizuri kuangalia mapema. Rauta ikiwa na laini mbili zenye mtandao mmoja haijui 192.168.1.1 ni nani kati yao. Ingia kwenye modemu moja moja ubadilishe, faiba iwe 192.168.11.1, 4G 192.168.12.1, dishi 192.168.13.1. Ukikuta modemu imefungwa kwa nywila ya kampuni wapigie huduma kwa wateja, waambie unataka kubadilisha anwani ya ndani, ni kazi ya dakika tano kwao. Na hakikisha mtandao wako wa wageni na wa ofisi haumo kwenye namba hizo.

binti_swichi:
Samahani naingilia kati. Maelezo ya FundiWaya ni sahihi kabisa, ila kwa mtu wa loji nisingeweka laini zote tatu kwenye swichi moja. Hiyo swichi ikiungua, au adapta yake tu ikifa, umepoteza laini zote tatu kwa mpigo, na lengo lako lote ni usibaki bila intaneti. Dada (au kaka, sijui) una poti mbili leo za intaneti, poti 1 na poti 2. Acha faiba iende moja kwa moja poti 1 kama ilivyo, haina haja ya kuguswa. Poti 2 ndiyo iwe trunki, swichi ibebe 4G na dishi tu. Swichi ikifa unabaki na faiba, faiba ikifa unabaki na mbili za akiba. Poti hazipungui wala haziongezeki, hesabu ni ile ile.

Kitu kingine, kwa nini 4G iko kwenye kabati? Nimeona wengi wanaiweka pale kwa sababu waya ni mfupi, saini hakuna. Ipeleke dirishani au karibu na paa uvute waya mrefu, mita 100 za waya wa netiweki zinafika bila shida. Kuna wanaotumia modemu ya kuchomeka kwenye ile poti ya USB ya hEX, inafanya kazi kwa baadhi ya modemu na haili poti ya waya, lakini inakuwa imenaswa ndani ya kabati la chuma hapo hapo, kwa hiyo kwako sioni faida.

FundiWaya:
Nakubali moja kwa moja, hiyo ni bora kuliko yangu. Dada fuata ya binti_swichi.

Basi kwenye swichi: poti 1 ingiza 4G, iwe VLAN 102 bila tegi. Poti 2 dishi, VLAN 103 bila tegi. Poti 8 iende kwenye rauta, iwe na 102 na 103 zote zikiwa na tegi. Halafu HAPA ndipo watu wanapokwama, kuna ukurasa mwingine tofauti unaitwa PVID, yaani namba ya VLAN ambayo poti inazipa pakiti zinazoingia bila tegi, nenda uandike poti 1 = 102 na poti 2 = 103. Usipofanya hivyo pakiti zinazotoka kwenye modemu zitaingia VLAN 1 na hutaona kitu, utalala unahangaika. Ondoa pia poti 1 na 2 kwenye VLAN 1. Poti 7 iache VLAN 1 kama ilivyo, hiyo ndiyo ya kuchomeka laptopu siku ukitaka kuingia tena kwenye swichi. Na ubadilishe nywila ya kiwandani kabla ya yote.

Kwenye rauta hakikisha poti 2 haimo kwenye briji (kundi la poti za ndani), halafu:

/interface vlan add name=laini-4g vlan-id=102 interface=ether2
/interface vlan add name=laini-dishi vlan-id=103 interface=ether2
/interface list member add list=WAN interface=laini-4g
/interface list member add list=WAN interface=laini-dishi

Mistari miwili ya mwisho usiiache, bila hiyo ile kanuni ya masquerade inayokuja na rauta (inayowapitisha watu wa ndani kwa anwani ya laini) haitazigusa na wageni hawatatoka nje. Kila laini unaipa DHCP yake (ya kuomba anwani kwa modemu), lakini zima ile ya kuongeza njia kuu yenyewe, njia tutaandika kwa mkono.

Sasa kuhama kwa laini. Watu wengi wanaweka rauta ipingi (itume ulizo dogo isubiri jibu) getiwei, yaani modemu. Modemu ya faiba iko hapo kabatini, waya wa nje ukikatwa kule Tengeru modemu bado inajibu, rauta inaona mambo safi. Lazima upingi kitu cha mbali, mfano seva ya 1.1.1.1, kupitia laini hiyo:

/ip route add dst-address=1.1.1.1/32 gateway=192.168.11.1 scope=10
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=1.1.1.1 distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping

Hiyo ni faiba kwa RouterOS 7 (programu ya rauta). Dishi rudia kwa 9.9.9.9 na getiwei 192.168.13.1, distance=2 (namba ndogo ndiyo inatangulia). 4G kwa 8.8.8.8 na 192.168.12.1, distance=3. Rauta inapingi kila sekunde 10, ikikosa mara mbili inahama, kwa hiyo hesabu karibu sekunde 20.

Kugawa watu kati ya faiba na dishi tumia PCC, njia ya MikroTik ya kugawa miunganisho kwa mafungu. Gawa kwa 7, mafungu matano faiba, mawili dishi, ndiyo uwiano wa 100 kwa 40. 4G usiiingize kwenye mgao hata kidogo, ina bando, iwe ya akiba tu. Chagua both-addresses usichague ile yenye ports, ili mtu akiingia tovuti moja abaki laini moja, benki zikiona mteja anabadilisha IP katikati zinamtoa nje.

Pwani254:
Salaam wadau, mimi niko Mombasa nafuatilia kwa makini maana nyumba yetu ya wageni ina mpango kama huu. Nataka kuongeza jambo moja ambalo sijaona limeguswa. Kuwa na kampuni mbili si lazima iwe na njia mbili. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, Kenya, Tanzania, Uganda wote tuliumia. Sisi tulikuwa na faiba mbili za kampuni mbili tofauti tukijiona tuko salama, zote zikawa zinakokota siku ile, kwa sababu huko mbele zilikuwa zinategemea kebo zile zile. Kwa hivyo dada muulize mwenye dishi lako yeye intaneti yake anaichukua kwa nani, isije ikawa anainunua kwa hao hao wa faiba yako na waya wao ni ule ule wa barabarani.

Baada ya hapo tuliweka Starlink, intaneti ya setilaiti, huku Kenya ipo tangu Julai 2023, kama laini ya pili, na faiba moja tukaifunga. Ukiiweka hali ya kupitisha moja kwa moja bila rauta yake, inakupa anwani ya 100.64 na kitu, yaani mnashiriki anwani ya nje na wengine. Kuvinjari hakuna neno, ila kuangalia kamera kutoka nje kwa kufungua poti (zile za programu, siyo za waya) haiwezekani kupitia hiyo. Rauta yake ya toleo la tatu ina poti mbili za waya, ya toleo la pili haina hata moja mpaka ununue adapta, mwenye nayo ajue kabla hajafunga safari ya swichi.

Loji_UsaRiver:
Pwani254 ubarikiwe, hilo sikuwahi kuliwaza. Nimempigia wa dishi, anasema mnara wake uko Njiro na anachukua kwa kampuni nyingine, siyo ya faiba yetu. Nimemwomba aniandikie kwa barua pepe.

Swichi nimeipata leo, kesho asubuhi wageni wakienda mbugani nafanya. Mimi ni dada ndiyo.

Loji_UsaRiver:
Wakuu narudi na majibu. Nilifanya jana saa nne asubuhi mpaka saa nane. PVID nilisahau kweli kama FundiWaya alivyosema, nikakaa dakika arobaini dishi haitoi anwani, nikarudi kusoma hapa nikaona, nikaandika, ikaja papo hapo. 4G nimeipeleka dirisha la ghorofani, vijiti vya saini vimetoka viwili hadi vinne.

Matatizo mawili. La kwanza, mgao ukiwashwa baadhi ya tovuti zinafunguka nusu halafu zinaganda, nikizima mgao zinakuwa sawa. La pili, nilipojaribu kukata faiba, rauta ilihama vizuri, pingi inaenda, lakini simu za wageni zinasema hakuna intaneti.

binti_swichi:
La kwanza ni fasttrack. Rauta inakuja na kanuni ya fasttrack kwenye fayawoli, kazi yake ni kupitisha pakiti njia ya mkato bila kupita kwenye mangle (sehemu ya kuwekea pakiti alama), na alama za PCC ziko mangle. Kwa hiyo pakiti ya kwanza inapita dishini, zinazofuata zinakatiza kwenda faiba, tovuti inachanganyikiwa. Izime hiyo kanuni. Kichwa cha rauta kitafanya kazi zaidi kidogo ila kwa kasi zenu hEX inabeba.

La pili nadhani najua. Wageni umewapa DNS gani, yaani anwani inayotafsiri majina ya tovuti?

Loji_UsaRiver:
1.1.1.1 na 8.8.8.8.

binti_swichi:
Ndiyo hapo. Angalia njia ulizoandika, 1.1.1.1 umeifunga ipite faiba tu na 8.8.8.8 ipite 4G tu. Faiba ikikatwa kwa nje, njia ya 1.1.1.1 bado inaelekea kwenye modemu ya faiba ambayo iko hai ila haina pa kwenda, na kile cha pili kinapita laini ya bando yenye mzigo wake. Simu inauliza jina la tovuti haijibiwi au inachelewa kujibiwa, inasema hakuna intaneti. Anwani ya kupimia laini isiwe ile ile ya DNS ya watu. Tena 8.8.8.8 iepuke kabisa kwenye kupima, kuna vifaa vingi vinaiuliza vyenyewe hata usipovipa. Pimia faiba kwa 208.67.222.222, 4G kwa 208.67.220.220, dishi ibaki 9.9.9.9, na wageni wape anwani ya rauta yenyewe iwe ndiyo DNS yao.

FundiWaya:
Hilo ni kosa langu, mimi ndiye niliyeandika 1.1.1.1 na 8.8.8.8 pale juu bila kuuliza DNS, nisamehe dada. Halafu ukijaribu tena usichomoe waya kati ya modemu na rauta. Chomoa ule waya wa kioo nyuma ya modemu, taratibu usiupinde, ndivyo inavyokatika kwenye maisha ya kweli. Na simu za mtandao zilizokuwa hewani zitakatika au kuganda na nyingi itabidi zipigwe upya, maana anwani ya nje imebadilika. Weka swichi, rauta na modemu zote tatu kwenye UPS (betri ya akiba), nimeona watu wameweka rauta tu, umeme ukienda rauta inabaki inawaka haina wa kuongea naye.

Loji_UsaRiver:
Nimebadilisha yote leo mchana, fasttrack nimezima, DNS nimerekebisha. Saa tano nilichomoa waya wa kioo, mgeni mmoja wa chumba namba 7 nilimwomba awe kwenye simu ya video na mwenzake nione. Picha iliganda, ikakatika, akapiga tena, akaendelea kupitia dishi. Nilihesabu sekunde 24. Nikachomoa na waya wa dishi, ikaenda 4G, nikarudisha zote faiba ikashika nafasi yake. Kamera na mashine za malipo ziliendelea muda wote. UPS nimeagiza, inakuja Jumatatu. Poti zangu za kamera na ofisi ziko pale pale na swichi bado ina nafasi nne tupu.